Ngoma ya Mwisho Kule Pugu

Chumba cha nyuma cha studio ya Mzee Shaibu, Mtaa wa Swahili, kilikuwa na joto la kuoka mkate. Dirisha limezibwa kwa kanga mbili, mlango kwa blanketi, na ndani watu watatu na projekta moja inayonguruma kama cherehani mbovu. Nje, Kariakoo ilikuwa na mambo yake: wachukuzi wakipiga kelele wapishwe njia, na foleni ya sabuni iliyoanzia duka la ushirika ikazunguka kona hadi kizingitini pa studio.

“Haya, umeona nini?” aliuliza Mrakibu Sadalla, akijipepea kwa kofia.

“Naona msichana anacheza, afande.”

“Basi! Hata mimi naona msichana anacheza. Wiki nzima tunasubiri filamu isafishwe, kumbe ndani hamna mwalimu, hamna Anselmi, hamna shimo. Kuna binti wa Kihindi, vilima na mawingu. Kesho asubuhi Anselmi anasimama mahakamani kwa mauaji, nami naenda kulala usingizi wangu.”

Sajini Candida Ngonyani, aliyemjibu, alibaki akitazama ukuta. Alikuwa askari kanzu mwaka wa sita sasa, na alishajua kwamba Sadalla akitaja usingizi, jalada limeshafungwa kichwani mwake. Kulifungua tena kulitaka kitu kizito.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jumapili kabla ya hiyo iliyopita, watu wanne walipanda vilima vya Pugu kwa gari aina ya Pijo. Nalini Vyas, binti wa Upanga, alikwenda kupigwa filamu akicheza bharata natyam, ngoma ya jadi ya mahekalu ya kusini mwa India, juu ya mwamba, peupe, mawingu nyuma yake. Filamu ilitakiwa imtangulie London, ambako alikuwa amealikwa kucheza. Mwalimu wake, mzee Raghavan, alikwenda kumsimamia. Kaka yake, Kirit, aliendesha gari na kushika redio kaseti iliyopiga muziki. Anselmi Komba, mpiga picha wa Mzee Shaibu, alishika kamera. Walipanda wanne, wakateremka watatu. Mwalimu alikutwa chini ya shimo la machimbo ya zamani ya udongo mweupe, shingo imevunjika.

Kirit alikuwa ametoa maelezo yaliyonyooka. Kabla ya ngoma ya mwisho, alisema, Mwalimu na Anselmi waligombana juu ya kamera, wakaenda pembeni wawili, akarudi Anselmi peke yake na kusema, “Tumalizie.” Nalini naye alisaini kwamba wakati wa ngoma ya mwisho Mwalimu hakuwepo. Ndugu wawili, neno moja. Anselmi aliapa kwamba hakubanduka kwenye kamera, lakini mahabusu gani asiyeapa?

“Mzee Shaibu,” Candida alisema, “hebu rudisha kile kipande cha pili.”

“Kwani kina nini?” Sadalla aling’aka. “Au kwa kuwa kijana ni mtu wa kwenu, Songea?”

“Mimi nimezaliwa Songea, afande. Sikuzaliwa na Anselmi.”

Mzee Shaibu aliguna kicheko akakimeza, akarudisha ukanda. Ukutani Nalini alitokea tena, njuga zimejaa vifundoni, nywele zimesukwa na maua. Kabla ya kucheza alichuchumaa, akagusa mwamba, akagusa macho yake. Akainuka, akaunganisha viganja juu ya kichwa. Kisha akageuka kushoto, viganja kwenye paji la uso, akainama. Kisha mbele, viganja kifuani. Alipomaliza ngoma alirudia vilevile. Kushoto ndipo ulipokuwa mkeka wa Mwalimu. Mchoro wa polisi ulionyesha hivyo. Kulia ndiko lilikokuwa shimo, na redio kaseti ya Kirit hatua chache kutoka ukingoni.

“Sasa cha mwisho,” alisema Candida.

Kipande cha mwisho kilikuwa kifupi. Nalini anacheza, uso umekaza. Katikati mguu wake ukachelewa, akausahihisha. Akamaliza. Akagusa mwamba, akainua viganja juu ya kichwa. Na kwenye ile salamu ya kushoto akageuka kulia, akainama, akakaa ameinama mpaka ukanda ukaisha na ukuta ukawa mweupe.

“Amegeuka kulia,” alisema Candida.

“Jua lilimchanganya. Binti wa Upanga anapanda mlima mchana wa jua kali, unategemea nini?” Sadalla alisimama. “Hebu tuulize la maana. Mzee Shaibu, kamera hii inaendaje? Ina betri?”

“Haina. Inatiwa ufunguo kama saa ya ukutani. Ukiutia wote inakwenda nusu dakika hivi, inasimama. Unautia tena.”

“Kwa hiyo kati ya ufunguo na ufunguo, mtu anaweza kumpeleka mwenzake kichakani, akamsukuma, akarudi, akaendelea na filamu kama kawaida. Na hapa ukutani sisi hatuoni kitu.”

Mzee Shaibu alifuta lenzi isiyokuwa na vumbi.

“Sema, mzee,” Candida alimwambia. “Naona kuna kitu kinakukaba.”

“Mwanangu, mimi nampenda Anselmi. Lakini Jumamosi ile, hapohapo ulipokaa, alisema, ‘Mzee huyu akinisumbua tena nitamtupa shimoni.’ Alikuwa anacheka. Alicheka, Wallahi.”

“Ala!” Sadalla alivaa kofia yake. “Na shimo akalitaja kabisa. Sajini, una mpaka kesho asubuhi kuniletea kitu cha kushika mkononi, siyo mizungu ya kuinamiana. Usipoleta, nasaini.”

Anselmi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa hana mkanda wala viatu. Mwembamba, mikono mirefu. Candida hakumsalimia.

“Ulisema utamtupa shimoni.”

Kijana alifumba macho. “Mzee Shaibu kasema?”

“Nakuuliza wewe.”

“Nilisema. Utani tu, afande! Mwalimu alikuwa ananiambia, ‘Piga miguu! Mtu asiyeona miguu hajaona ngoma!’ Mimi nataka uso, nataka vilima. Tulibishana wiki nzima. Lakini Jumapili nilimpigia miguu yake, tukapatana.”

“Mbona hukusema haya kwenye maelezo yako?”

“Ningesema, nani angesikia hilo la kupatana? Mngesikia shimo tu.”

Hapo hakukosea, ila Candida alijua pia kwamba mwongo mzuri hujipa sababu nzuri. “Ngoma ya mwisho. Nani alikuwa wapi?”

“Mwalimu kwenye mkeka wake. Kirit kwenye redio, anatuharakisha, saa nane magari marufuku barabarani kubana mafuta, unajua tena Jumapili. Nikatia ufunguo wote, nikabandika jicho. Ukishabandika jicho huoni kingine, afande, unaona kile kidirisha tu. Nalini akakosa hatua. Nikashangaa, hakosi yule. Muziki Kirit alikuwa ameufungua mpaka mwisho. Ufunguo ulipoisha nikainua uso, mkeka mtupu. Nikauliza, Mwalimu yuko wapi? Kirit akasema kaenda kujisaidia.”

“Na Nalini alisema nini?”

“Hakusema. Alikaa chini pale pale alipokuwa, njuga miguuni.”

Kama Anselmi alikuwa anadanganya, alikuwa amejichagulia uongo usiomsaidia, maana mtu anayetaka kujiokoa angesema alimwona Kirit. Huyu alisema hakuona kitu. Mpelelezi hamwachii mtu kwa sababu hiyo, lakini hawezi kulala nayo.

Alipita chumba cha vielelezo. Konstebo Agnesi, msichana wa Moshi mwenye sauti ya kanisani, ndiye aliyekuwa na funguo.

“Dada, umekuja kwa vitu vya Pugu? Hivi vina wapenzi. Yule kijana Kirit kaja mara mbili kuomba njuga za dada yake.”

“Njuga na nini?”

“Njuga tu. Nikamwambia kesi ikiisha atapewa vyote, akasema vingine vibaki, anataka njuga.”

“Redio kaseti hajaiulizia?”

“Hata kuitazama.”

Candida aliweka redio kaseti mezani, mpya, ya Kijapani, kitu ambacho mjini humo mtu angeuza baiskeli mbili akipate. Pembeni yake akaweka njuga: mikanda miwili ya ngozi, safu kwa safu za kengele ndogo za shaba. Akatikisa mkanda wa kushoto. Ukalia vizuri, mlio mkali wa shangwe. Akatikisa wa kulia. Ukakohoa.

“Una koleo?” aliuliza.

Agnesi alitafuta akalipata. Njuga bubu ya kwanza iligoma, kisha mdomo wake ukapanuka. Badala ya gololi ya chuma ilitoka pamba, na ndani ya pamba jiwe la buluu la tanzanaiti, halijachongwa, la kutoka Merelani. Ya pili vilevile. Wakati ule mawe yale yalikuwa mali ya umma. Kukutwa nayo mfukoni tu ilikuwa kesi, sembuse kuyapandisha ndege kwenda London miguuni mwa mchezaji.

“Mama yangu wee,” Agnesi alisema.

“Funga mlango. Halafu nenda kamwambie Afande Sadalla kimepatikana cha kushika mkononi. Ukirudi chukua pingu, tunaenda Upanga.”

Lakini njiani, projekta ya Mzee Shaibu ikiruka-ruka kwenye Landrova kati yao, Candida alikuwa anajua upungufu wa alichonacho. Mawe yalimfunga Kirit kwa magendo. Hayakumtoa Anselmi. Sadalla angesema, haya, mmoja mwizi wa mali ya umma, mwingine muuaji, waende wote. Na Nalini je? Njuga zilikuwa miguuni pake. Mchezaji asisikie kwamba mguu mmoja umekufa sauti? Haiwezekani. Alikuwa anakwenda kwa binti yule kama anavyokwenda kwa mshiriki wa magendo.

Nyumba ya akina Vyas ilikuwa tupu nusu. Picha zimeondolewa ukutani, masanduku yamefungwa kamba. Mzee Vyas alifungua mlango mwenyewe, shati jeupe, macho ya mtu asiyelala.

“Karibu, karibu, dada polisi. Chai?”

“Asante, mzee. Nitazungumza na Nalini. Peke yake.”

Kirit alitokea nyuma ya baba yake, mrefu, nywele zinang’aa mafuta. “Dada mgonjwa. Maelezo yake mnayo.”

“Ninayo. Nimekuja kumwonyesha filamu yake. Haki yake kuiona, si ndiyo yeye aliyecheza?” Candida alitabasamu. “Konstebo Agnesi atabaki na nyinyi. Yeye chai atakunywa.”

Chumba cha mazoezi kilikuwa na sakafu ya saruji iliyolainika kwa nyayo. Nalini alikuwa ameketi ukutani, miguu ameikunja, rangi nyekundu ya siku ile imebaki kidogo pembeni mwa kucha. Candida alifunga pazia, akasimamisha projekta juu ya kiti.

“Mguu wako wa kulia,” alianza bila salamu, “ulikuwa haulii.”

Nalini aliinua uso haraka.

“Nimezifungua. Nimeona kilichomo. Ulijua?”

“Sikujua kuna nini. Kaka, Kirit-bhai, alinipa mikanda mipya asubuhi ile. Nilisikia mguu mzito, nikadhani shaba mbaya. Naapa.”

“Lakini Mwalimu alisikia.”

Nalini alikwangua ile rangi pembeni mwa ukucha.

“Sawa. Nikuulize jambo la ngoma, hilo halina kesi. Mkianza na mkimaliza, mnatoa salamu. Ya kwanza ya nani?”

“Ya ardhi,” Nalini alijibu polepole. “Tunaiomba radhi, maana tunaikanyaga kwa nguvu. Halafu Mungu. Halafu mwalimu. Halafu watu.”

“Na mwalimu asipokuwepo?”

“Hiyo tunaiacha. Huwezi kuinamia mahali patupu. Ni kumkejeli.”

“Kamwe?”

“Kamwe. Angenipiga kwa fimbo.” Karibu atabasamu.

Candida aliwasha projekta. Ukutani mwamba ulitokea, mawingu, na Nalini yule mwingine, mwenye maua. Waliangalia mpaka mwisho, mpaka binti wa ukutani akageuka kulia na kuinama. Candida akazima.

“Ulisaini kwamba Mwalimu hakuwepo ngoma ya mwisho. Hapo unamsalimia nani?”

Nalini aliyakumbatia magoti yake.

“Nitakwambia mimi,” alisema Candida. “Mwalimu alisikia njuga bubu, akashuku kuna kitu kimefichwa ndani, akainuka kwenye mkeka, akamwendea kaka yako kule kwenye redio. Wewe ukawaona wanagombana, ukakosa hatua. Ukamaliza, ukamsalimia pale aliposimama, kulia, kando ya Kirit. Alikuwa hai. Njia ya mwongo ni fupi, Nalini, na yako imeishia kwenye ukuta huu.”

Alijisikia ameshinda. Alingoja machozi au hasira. Nalini alitikisa kichwa tu.

“Hakuwa amesimama.”

“Nini?”

“Rudisha, dada. Rudisha ile ya pili kwanza. Tazama macho yangu.”

Candida alirudisha. Kwenye kipande cha pili binti aligeuka kushoto, viganja kwenye paji la uso, na macho yakatua mahali, usawa wa mtu aliyeketi mkekani, yakapokea kitu huko na kung’aa. Candida akaweka cha mwisho. Binti akageuka kulia. Macho hayakutua. Yalishuka, yakapita usawa wa mtu aliyesimama, yakapita usawa wa mkeka, yakapita usawa wa nyayo zake mwenyewe.

“Naangalia wapi?” Nalini aliuliza.

“Chini.”

“Pale hapakuwa na ardhi, dada. Palikuwa na shimo.”

Projekta iliendelea kunguruma, ukanda umeisha, mkia wake ukipiga chuma. Candida hakuizima. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alitamani asingekuwa amekuja.

“Alimsukuma wakati unacheza.”

“Mwalimu alimshika mkono, nikasoma midomoni mwake, nitasema, nitasema leo leo. Kirit-bhai akamsukuma kifuani. Labda hakutaka aanguke. Sijui. Muziki ulikuwa juu, sikusikia hata sauti yake.”

“Na wewe ukaendelea?”

“Ngoma ikianza haikatwi!” Sauti ilimpasuka. “Tangu nina miaka saba ananiambia, hata ukichomwa mwiba, maliza, mpe Mungu chake, ndipo ulie. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilikuwa nafikiri, nikisimama ndiyo atakuwa amekufa. Nikiwa bado nacheza, hajafa. Halafu ikaisha, na ikabaki salamu yake. Ningempaje mgongo?”

Alilia sasa, kwa nguvu, kamasi na yote, kama mtoto. Candida alimwonea huruma, na huruma ile ikamkasirisha, maana kulikuwa na mtu rumande asiye na viatu.

“Wakati unacheza, Anselmi alikuwa wapi?”

“Kwenye kamera. Jicho limebanwa.”

“Kamera haikusimama hata mara moja mle. Wewe unamwona Mwalimu anaanguka, na yeye anakupiga picha. Hii filamu inamtoa, Nalini, lakini haina mdomo. Kesho asubuhi anasomewa kosa la kunyongwa.”

“Baba alinipigia magoti,” Nalini alisema ndani ya viganja. “Baba yangu! Mzazi kwa mtoto! Akasema Kirit ndiye mwanamume pekee wa nyumba hii. Akasema yule mpiga picha watamwachia tu, hawana ushahidi.”

“Umeamini?”

Nalini alijifuta uso kwa ncha ya nguo.

“Ule mwamba ulikuwa wa moto,” alisema. “Mimi nacheza peku. Kila kabla ya kutia ufunguo, Anselmi alikuwa anamwaga maji juu yake, nisiungue. Yalikuwa maji yake ya kunywa. Mwisho alikuwa hana tone.”

Mlango uligongwa. Sauti ya Kirit, kwa Kigujarati, haraka na chini chini. Kisha ya Agnesi: “Kaka, rudi ukae.” Kisha ya baba, ikiomba. Candida hakuelewa maneno ila moja, beti, mwanangu, lililorudiwa na kurudiwa.

Hakumwambia Nalini kitu. Maelezo ya kulazimisha yanaanguka mahakamani kabla ya chai ya saa nne. Aliwahi kuyaona yakianguka. Alikaa tu.

Nalini aliinuka. Alitembea mpaka mlangoni na kufungua. Baba yake alikuwa amesimama pale, mikono mbele, na nyuma yake Kirit, rangi imemtoka, na Agnesi amemziba njia ya kutokea nje. Mzee akasema tena kwa Kigujarati, maneno marefu, yanayotetemeka.

“Sema Kiswahili, baba,” alisema Nalini. “Tuelewane wote.”

Mzee Vyas alimgeukia Candida. “Mama, huyu mtoto wangu wa kiume mmoja tu. Mmoja!”

“Na Anselmi, mzee, ni wa mama yake.”

Nalini alikuwa anamtazama kaka yake, na kaka yake alikuwa anatazama masanduku.

“Kirit-bhai alimsukuma Mwalimu,” alisema Nalini, taratibu, kwa Kiswahili safi cha mitaa ya Upanga. “Nilikuwa nacheza, na niliona. Andika, dada. Andika sasa hivi, kabla sijamwangalia baba.”